Majarida ya magari: ubaki na ya zamani, ununue mapya au uhamie YouTube? (kwa sisi wa Mtwara na Lindi)

Wadau habari zenu. Msimu huu wa korosho nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti, wawili wa hapa Mtwara mjini na mmoja yuko Nachingwea, wote wamesoma majarida ya magari tangu vijana na wote wamechoka. Wanauliza waendelee kutoa hela kwenye majarida ya siku hizi, au wakae na makatoni yao ya zamani, au waachane na karatasi moja kwa moja wahamie kwenye video. Nimewajibu kwa vipande vipande kwenye simu, sasa nimeona niandike yote sehemu moja maana najua hawako peke yao.

Mimi katoni yangu ya kwanza niliipata kwa mtaalamu wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, alikuwa anauza vitu vya ndani pale Shangani, watu wanagombea friji na majiko na mimi nimekumbatia katoni la majarida ya Kiingereza ambayo nusu ya maneno sikuyaelewa. Nilijifunza Kiingereza humo. Nilijua maana ya "understeer" (gari kukataa kukata kona na kwenda mbele) kabla sijawahi kushika usukani. Kwahiyo nikisema majarida haya yameniumiza naomba nieleweke, hiki ni kitu nilichokipenda sana na nilikiamini kuliko mtu yeyote wa gereji.

Kilichotuumiza ni hiki. Zamani jarida lilikuwa linapima. Autocar la Uingereza lipo tangu 1895, na tangu 1928 likawa linafanya majaribio rasmi ya barabarani, yaani gari linachukuliwa, linapimwa uzito, linapimwa linasimama kwa umbali gani ukikanyaga breki, linageuka kwenye duara la ukubwa gani, linakula mafuta kiasi gani mikononi mwa watu waliolijaribu na sio kwenye makaratasi ya kiwanda. Mwisho wa makala unakuta jedwali limejaa namba ukurasa mzima. Alafu kuna zile picha za kuchorwa kwa mkono, gari limepasuliwa kama papai unaona gia boksi, difu, springi, kila bomba na linakoelekea. Mtu aliyechora ile alijua gari.

Siku hizi nafungua jarida moja (silitaji) nakuta kurasa nane za gari moja, sita ni picha za gari kwenye milima ya Hispania jua linazama, maandishi yanabaki kama kurasa mbili, na mwandishi amepelekwa huko na kiwanda chenyewe, amelala hoteli ya kiwanda, ameendesha nusu siku. Namba zote zimetolewa kwenye kabrasha la mauzo. Robo ya makala ni skrini, skrini kubwa, skrini ina rangi, skrini inaongea. Breki je? Kimya.

Sababu zinaeleweka, matangazo yamehamia mtandaoni, hela imepungua, waandishi wamepunguzwa, na kuazima gari na kulipeleka uwanja wa majaribio na vifaa na mafundi ni gharama kubwa. Desemba 2019 kampuni ya Marekani inayotoa jarida la MotorTrend ilifunga majarida 19 kwa mpigo, humo ndani wakaenda Super Street, Lowrider, Truckin' na Automobile lililoanzishwa 1986. Kwahiyo sio kwamba wote wameamua kuwa wavivu, wengine wameshapotea na waliobaki wanapumulia mashine. Ila kuelewa sababu hakurudishi jedwali la breki.

Ninapimia vitu vitano

Kwanza ukweli wa vipimo, je huyu amepima au amesifia. Pili, magari yenyewe yanatuhusu sisi wa huku au la. Tatu hela na upatikanaji, ukiwa Masasi au Liwale sio sawa na mtu wa Posta Dar. Nne, kitu chenyewe kinadumu? Sisi tuko pwani, unyevu na chumvi, na umeme unakatika. Tano raha ya kusoma, na hii siioni ndogo, mtu anayependa magari hasomi ili anunue tu.

Majarida ya zamani

Kwenye vipimo hapa hayana mpinzani, nimeshasema. Ila jambo ambalo watu wengi hawalioni ni hili la pili, la magari. Mtu anakwambia "jarida la 2004 la nini sasa hivi?" Ndugu yangu, gari la 2004 ndio hilo liko barabarani Mtwara leo! Sisi gari tunaipata ikiwa na miaka kumi, kumi na tano. Jarida lililokuwa jipya London wakati ule, kwetu linakuwa jipya leo.

Mpwa wangu wa Lindi alikuja na hela ya ufuta anataka Toyota ist. Nikamtolea katoni. Akapekua mchana mzima pale barazani, jioni ananiambia "Mjomba, humu hamna ist hata moja." Nikamwambia ipo mjomba, ila huko ugenini ilipewa jina lingine. Ile ist ya kwanza Marekani iliuzwa kama Scion xA, miaka ya 2003 mpaka 2006, na injini ni ile ile 1NZ ya cc 1500, tofauti usukani uko kushoto. Ist ya pili iliyovimba mashavu Ulaya iliitwa Urban Cruiser. Vitz ni Yaris. Fit kwa Waingereza ni Jazz. Demio ni Mazda2. Altezza ni Lexus IS200, na Harrier ya kwanza ni Lexus RX300. Ukishajua hayo majina katoni lako linafufuka, mambo ambayo yadi hawatakwambia unakuta mtu aliyaandika zamani, mfano kwamba Altezza yenye injini ya 1G inatumia taimingi beti ya mpira wakati 1NZ ya ist ina cheni. Hiyo peke yake inakupa swali la kumuuliza muuzaji, beti imebadilishwa lini?

Ila Probox na Mark X usihangaike, huzikuti. Hazikuuzwa Uingereza wala Marekani.

Angalizo kwa anayesoma matumizi ya mafuta, galoni sio moja. Ya Mwingereza ni lita 4.5 na ya Mmarekani ni kama 3.8. Kwahiyo jarida la Uingereza likisema maili 40 kwa galoni hiyo ni kama kilomita 14 kwa lita, na la Marekani likisema 40 hiyo hiyo ni kilomita 17. Nimeona watu wanabishana usiku kucha na wote wako sahihi, mmoja ameshika jarida la Uingereza na mwenzie la Marekani.

Udhaifu wake sasa, maana upo na ni mkubwa. Jarida linajaribu gari likiwa jipya. Halijui gari litakuwaje likizeeka. RX300 ilipotoka 1998 ilisifiwa, na ilistahili, lakini zile injini zake za V6 aina ya 1MZ za kati ya 1997 na 2002 baadaye zikaja kujulikana kwa oili kuganda na kuwa tope ndani ya injini, mpaka 2002 Toyota ikatangaza utaratibu wa kuwagharamia wateja wa Marekani waliopatwa na tatizo hilo. Ukisoma jarida la 1998 peke yake unaingia kwenye Harrier kichwa kichwa. Na hakuna jarida la London lililowahi kujaribu shokapu kwenye mchanga na vumbi la kupanda Newala.

Hela, unayapata kwa bei ndogo ukikutana na wauza vitabu vya mtumba wa barabarani Dar, au bure kwa mtu anayehama. Ila huchagui, unapewa kilichopo, unaweza kuwa na sehemu ya kwanza ya makala na ya pili ukaikosa maisha yote. Kudumu, hapa ndio kilio. Wadudu wa karatasi na unyevu. Mimi nilipoteza karibu nusu katoni kwa kuliweka chini ya kitanda kwenye sakafu ya saruji, nilipoinua kurasa zilikuwa zimeshikana kama andazi lililolowa. Sasa naweka juu ya kabati, ndani ya ndoo za plastiki za mifuniko, na kila kiangazi nayatoa nje kivulini yapate upepo. Ukifanya hivyo yanakaa.

Raha, sina la kuongeza. Waandishi wa wakati ule walikuwa wanakaa na sentensi.

Majarida ya sasa

Nitajitahidi niwe muungwana hapa. Sio yote yameoza. Autocar bado linapima magari kwa vifaa. Car and Driver la Marekani lina utaratibu wa kukaa na gari maili 40,000, yaani kama kilomita 64,000, na kuandika kila kilichoharibika na kila shilingi iliyotoka, na hiyo ni bora kuliko hata majarida mengi ya zamani maana angalau wanaliona gari likichoka. Kwahiyo kabla hujasema majarida yamekufa, chungulia kwanza mwisho wa makala, kuna jedwali la vipimo vyao wenyewe? Lipo, nunua. Hakuna, rudisha rafuni. Hicho ndio kipimo changu na hakijawahi kunidanganya.

Magari ya kutuhusu, hapa ndio pagumu. Mengi ni ya umeme au ni masuvi makubwa ya bei ya nyumba tatu, na hata yakija kwetu yatakuja baada ya miaka mingi. Lakini kama unaandika leo kuhusu gari ambalo mwanangu atalinunua mtumba, basi nataka uandike kuhusu bushi na gia boksi, usiniandikie kuhusu taa za mlangoni zinazobadilika rangi! Wanaofanya kazi kwenye miradi ya gesi, wakandarasi, watu wa ofisi zinazonunua magari mapya, nyie ni tofauti, kwenu jarida jipya lina maana leo leo. Na nyie ningewaelekeza zaidi kwa Car la Afrika Kusini, lipo tangu 1957, usukani wao uko kulia kama wetu, Hilux, Fortuner na Ranger ndio chakula chao cha kila siku, na wanajua barabara ya changarawe ni nini.

Hela na upatikanaji, karatasi haifiki huku kirahisi. Kuagiza kutoka Ulaya posta inaweza kuzidi bei ya jarida lenyewe. Unabaki na la kwenye simu, unalipia kwa kadi. Mimi niliwahi kulipia moja, hela ikakatwa na kwa miezi miwili nikawa nafungua nakuta kurasa za kulipia tena, nimeandika barua pepe mara nne, nikajibiwa na mashine. Sikurudishiwa. Sisemi yote yako hivyo ila anza na mwezi mmoja, usikimbilie mwaka mzima kwa sababu ya punguzo.

Na kudumu, hilo la kwenye simu sio lako. Ukiacha kulipa, mara nyingi mlango unafungwa na yale uliyoyasoma mwaka jana unayasikia kwenye bomba. Huwezi kumrithisha mtu.

Raha ipo kwenye picha, kwa kweli picha za sasa hazina mfano, jarida la Evo la Uingereza tangu lianze 1998 limekuwa na picha za kubandika ukutani. Maandishi ndio inategemea na bahati.

YouTube

Wengi wetu wazee tunaidharau YouTube na hapa tunakosea. Wale waandishi tuliowapenda hawajafa wote, wengine wamehamia huko. Harry Metcalfe aliyeanzisha Evo sasa ana chaneli yake, anakaa na gari, anasafiri nalo mbali, analionyesha na kwenye gereji yake, na anaongea taratibu kama anavyoongea mtu na jirani. Chris Harris naye alitoka kwenye majarida akaenda kwenye video. Ukitaka ile sauti uliyoizoea, baadhi yake iko huko.

Vipimo, wachache wanapima na wengi wanasifia, tena YouTube uongo ni rahisi zaidi maana sura ya mtu na tabasamu vinakufanya umwamini. Kuna wanaozungushwa na wauza magari wenyewe, gari la yadi, mafuta ya yadi, na hasemi. Sikiliza kama anataja hata kasoro mbili. Akimaliza dakika ishirini hajataja kasoro, hilo ni tangazo.

Magari yetu, hapa video inashinda vyote na nakiri bila kinyongo. Fundi wa Kitanzania au wa Kenya anakufungulia gia boksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ya Fit, anakuonyesha oili yake ikiwa nyeusi, anawasha unasikia gari linavyotetemeka linapoanza kuondoka. Hakuna jarida duniani linaloweza kukusikilizisha mlio. Na anaongea Kiswahili, kwahiyo hata yule dereva wa Probox ya Mtama ambaye majarida yote hayo ya Kiingereza yalimpita, huyu naye sasa yumo. Hilo ni jambo kubwa.

Hela, bando. Video ya saa moja kwa ubora wa juu inakula zaidi ya GB 1, shusha ubora uwe mdogo au uidauniloadi ukiwa kwenye waifai ya ofisini. Na kutafuta namba moja ndani ya video ya dakika arobaini ni mateso, kwenye jarida ungefunua ukurasa wa mwisho ukamaliza.

Kudumu, niwakumbushe Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita, mvua ikakata barabara ya Dar kule Kilwa, mabasi na malori yamekwama, wiki moja baadaye nyaya za baharini nazo zikapata hitilafu intaneti ikazimika nchi nzima ikawa inakuja na kuondoka. Wale jamaa zangu wa YouTube walikaa wanatazama kiduara kinazunguka. Mimi nilikuwa barazani na toleo la zamani la Autocar. Sio kwamba nawacheka, ninachosema ni kwamba mtu wa kusini ambaye maarifa yake yote yako kwenye waya mmoja na barabara moja anatakiwa awe na kitu kingine kabatini.

Kuna hiki pia watu wanakisahau

Vitabu vya Haynes, yaani miongozo ya kutengeneza gari mwenyewe. Sio jarida lakini kwa mwenye gari la zamani ni zaidi ya jarida. Vinatoka tangu 1966, na utaratibu wao ulikuwa kulifungua gari na kulirudishia wenyewe huku wanapiga picha kila hatua. Mwishoni mwa 2020 walitangaza kuacha kutoa miongozo mipya ya karatasi, ila wakasema ile ya zamani wataendelea kuichapa. Kama una Land Rover Series III au Peugeot 504 ya marehemu baba na unataka iendelee kutembea, tafuta kitabu chake kabla ya kitu kingine chochote. Havina raha ya kusoma kitandani. Vina oili ya vidole vya mtu aliyekutangulia, na ukiiona hiyo oili kwenye ukurasa wa klachi unajua klachi ndio ilimsumbua.

Nani achukue nini

Unataka kununua mtumba kutoka Japani ndani ya mwaka huu. Anza na jarida la zamani la miaka gari lilipotoka, kwa jina lake la Ulaya au Marekani, upate tabia yake na namba zake. Alafu nenda YouTube kwa mafundi wa huku uone linavyozeeka. Ukifanya moja ukaacha lingine utapata nusu ya picha, ile hadithi ya Harrier na tope la oili ndio mfano.

Ofisi yako inanunua magari mapya na wewe ndio unaulizwa. Lipia jarida la sasa lenye vipimo, mwezi mmoja mmoja, la Afrika Kusini likiwemo. Katoni halitakusaidia hapo.

Uko Liwale au Nanyumbu mtandao unakuja usiku tu. Karatasi, na ukienda Dar pita kwa wauza vitabu na begi tupu. Video dauniloadi zile fupi za fundi, ziweke kwenye memori kadi.

Wewe ni kama mimi, huna gari la kununua, unasoma kwa sababu unapenda na unaumia kuona yanavyokwisha. Usijilazimishe kununua mapya kwa uaminifu. Nilifanya hivyo kama miaka sita na kila mwezi nilikuwa nafunga jarida na hasira. Rudi kwenye yako ya zamani, yasome upya kwa mpangilio wa miaka, utaona vitu ulivyovipita ukiwa na miaka ishirini.

Na wewe fundi kijana ambaye Kiingereza kinakupiga chenga, video ndio yako kwa sasa, ila usiogope makaratasi, zile picha zilizopasuliwa hazihitaji Kiingereza. Kuna kijana wa gereji pale Chikongola nilimwazima toleo moja ili aone difu ilivyo kwa ndani, akasema ataleta Jumatatu. Huu ni mwezi wa pili. Nilipopita juzi nimelikuta juu ya meza ya vaisi, amelizungushia nailoni lisipate oili, limefunuliwa palepale kwenye mchoro, na pembeni amechora wa kwake kwa chaki ubaoni. Sijalidai.